Mchezo wa Kamusi: Jinsi ya Kubuni Maana ya Uongo Inayoaminika

Fungua kamusi ya Kiswahili mahali popote na usome ukurasa mmoja kutoka juu hadi chini; hata kama umekizungumza Kiswahili tangu utotoni, haitakuwa ajabu ukikutana na neno ambalo hujapata kulisikia. Mchezo ninaoueleza hapa unaishi kwa maneno ya namna hiyo. Mchezaji mmoja hutafuta katika kamusi neno ambalo hakuna aliyepo anayelijua, wengine hulitungia maana ya uongo kila mmoja kwa siri, kisha maana zote, za uongo pamoja na ile ya kweli, husomwa kwa sauti, na watu hupiga kura wakijaribu kuitambua ya kweli. Alama humwendea aliyeitambua kweli, na humwendea pia aliyewadanganya wenzake.

Mchezo huu ulichezwa kwa kamusi na karatasi tupu kabla haujawekwa katika boksi. Mwaka 1965 BBC ya Uingereza ilianza kurusha kipindi cha televisheni kilichoitwa Call My Bluff, ambamo washiriki watatu wa timu moja walitoa maana tatu za neno moja, na timu pinzani ilitakiwa kuichagua iliyo ya kweli. Mwaka 1984 ukatolewa nchini Kanada mchezo wa Balderdash, wenye kadi zilizokwisha kuandikwa maneno na maana zake. Anayecheza kwa Kiswahili hahitaji kadi. Kamusi nene inatosha, na ina faida ambayo kadi hazina, kwa kuwa wachezaji wanaweza kuukagua ukweli papo hapo mabishano yanapozuka, nayo hayakosi kuzuka.

Vitu na watu wanaohitajika

Wachezaji wanne hadi wanane ndio idadi nzuri. Wakiwa watatu, kura ni chache mno. Wakizidi wanane, orodha ya maana huwa ndefu hata msikilizaji husahau ya kwanza kabla hajasikia ya mwisho. Andaa vikaratasi vya ukubwa mmoja, vilivyokatwa kutoka karatasi ya aina moja, pamoja na kalamu za rangi moja. Jambo hili si dogo kama linavyoonekana, kwani kikaratasi kimoja chenye mistari kati ya vilivyo vyeupe humtambulisha mwandishi wake kwa yeyote anayetupia jicho mkononi mwa msomaji.

Katika kila duru mtu mmoja huwa mshika kamusi. Yeye huchagua neno, hunakili maana ya kweli kwenye kikaratasi kama vya wengine, hukusanya vikaratasi vyote, huvichanganya, huvipa namba na kuvisoma. Duru ikiisha, kamusi humwendea aliyeketi kushoto kwake.

Kuchagua neno

Duru nyingi zinazochosha huharibika hapa, kabla mtu yeyote hajaandika chochote. Kosa la kwanza ni kuchukua neno ambalo umbo lake linaitangaza maana. Kiswahili huunda maneno kwa kunyambua mengine, na mzungumzaji huunusa mzizi bila hata kufikiri. Ukitoa neno kama mfinyanzi, kila mtu atamwona mtu na udongo wake, na mchezo umekwisha. Kwa hiyo tafuta neno ambalo mzizi wake hauna ndugu katika mazungumzo ya kila siku, au, lililo bora zaidi, neno ambalo umbo lake linampeleka msikilizaji njia isiyo yake. Kikwi ni mfano mzuri. Ni neno la zamani lenye maana ya elfu moja, lakini kwa kuwa linaanza na ki-, wachezaji hukimbilia kubuni vyombo vidogo na wadudu wadogo. Fuawe nalo lina ndugu, ila ndugu huyo ana nyuso mbili: tunafua nguo, na mhunzi hufua chuma. Wengi watakimbilia nguo na kuandika kuhusu jiwe la mtoni au sabuni ya majivu, kumbe fuawe ni kipande kizito cha chuma ambacho mhunzi hufulia vyuma juu yake.

Kosa la pili ni kuchagua neno ambalo kamusi yenyewe imeridhika kulieleza kama aina ya samaki, aina ya ndege au aina ya mti. Maneno ya namna hii ni mengi sana, na ni ya kweli kabisa, lakini hayafai mchezoni, kwa sababu ukweli wake haupambanuki na uongo na watu hubaki kubahatisha. Mimi huyaruka yote, isipokuwa pale ambapo maelezo yanaongeza jambo la pekee kuhusu umbo au matumizi ya kitu hicho.

Yako pia maneno ambayo watu huyatamka mara kwa mara bila kuyajua, nayo ni yale yaliyohifadhiwa ndani ya methali. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani: ni wangapi wanaoitumia methali hii, na ni wangapi kati yao wanaoweza kusema tezi ni nini? Tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo cha baharini, omo ni sehemu ya mbele, na ngama ni ndani kabisa chini, mahali maji yanapojikusanya. Ukilitoa neno tezi peke yake, bila methali yake, wengi watawaza uvimbe wa shingoni na kudhani wanalijua, hivyo halifai. Omo, kwa upande mwingine, humwacha mchezaji na herufi tatu tu za kushikilia. Kinyemi, lililomo katika kipya kinyemi ingawa kidonda, hufanya kazi nzuri zaidi kwa kuwa wachezaji watadai wanalijua, kisha watashindwa kulieleza, ilhali maana yake ni kitu cha kupendeza tu.

Ukishalipata neno, lisome kwa sauti, litaje herufi kwa herufi, na useme kama ni nomino, kitenzi au kivumishi. Wingi wake usiutaje, maana neno linaloanza na m- likipewa wingi wa mi-, nusu ya wachezaji wataandika mti. Kisha uliza kama yupo anayelijua. Anayelijua hana budi kusema hapo hapo, na neno hubadilishwa bila lawama. Mara ya kwanza nilipoishika kamusi nilisahau kuuliza swali hilo, nikatoa neno kisunzi nikiamini kuwa ni adimu; watu watatu kati ya watano waliandika kizunguzungu, kwa sababu ndicho kinachomaanishwa, na duru nzima ikageuka kuwa kicheko kwangu.

Kuuandika uongo

Anayeanza huamini kwamba ushindi unatokana na kubuni jambo la ajabu. Kwa maoni yangu ni kinyume chake. Jambo lenyewe linaweza kuwa la kawaida kabisa, mradi limesemwa kwa sauti ya kamusi, kwa kuwa msikilizaji hana namna ya kulijua neno lakini ana namna ya kumjua msemaji. Kamusi haisemi kama sisi tunavyosema. Hailitaji tena neno linaloelezwa, haianzi kwa kusema kitu fulani ni kitu ambacho, haisifu, haishangai na haitoi visa.

Chukua neno shubaka. Mchezaji wa kawaida ataandika hivi: Shubaka ni kitu ambacho watu wanakitumia wakati wanataka kukausha nafaka zao ili zisiharibike. Hakuna atakayeamini, ingawa wazo lenyewe si baya. Liandike upya hivi: chungu kipana kisicho na mfuniko, cha kukaushia nafaka. Wazo ni lile lile, lakini sasa limeanza na jina la kundi, yaani chungu, likafuatwa na sifa mbili zinazokitenga na vyungu vingine, likaishia kwenye matumizi. Kamusi hufanya hivyo hivyo: hutaja kwanza kundi ambalo kitu kimo, kisha kinachokitofautisha na wenzake. Maana ya kweli ya shubaka ni uwazi ulioachwa ukutani bila kupenya upande wa pili, wa kuwekea taa au vitu vingine, na ukiiweka sentensi hiyo kando ya chungu chetu utaona kwamba zimeshonwa na fundi mmoja.

Kwa vitenzi kuna mtego ambao umewanasa wengi. Angalia vitenzi katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, nawe utaona kwamba kitenzi huorodheshwa bila ku-, na kwamba maelezo yake nayo huanza na shina tupu la kitenzi kingine. Kalafati, kwa mfano, huelezwa kwa kusema ziba nafasi zilizo kati ya mbao za chombo ili maji yasiingie. Mchezaji anayeandika kukataa jambo kwa hasira amejitangaza kwa silabi moja tu, ile ku- ya mwanzo, hata kama wazo lake lingeweza kumpatia kura zote. Wako wanaotaka mshika kamusi aisahihishe hitilafu hiyo anaposoma. Mimi sikubaliani nao. Arekebishe tahajia, lakini mtindo ni mzigo wa mwandishi.

Urefu nao una siri yake. Maelezo mafupi makavu huaminiwa kuliko tunavyodhani, na hata wahariri wa kamusi wenyewe wamewahi kuangukia hapo. Katika kamusi kubwa ya Kiingereza ya Webster ya mwaka 1934 liliingia neno dord, likaelezwa kwa neno moja tu lenye maana ya densiti. Neno hilo halikuwahi kuwapo. Kikaratasi kilichoandikwa kwa Kiingereza D or d, yaani D au d, kikikusudiwa kuwa kifupisho cha densiti, kilisomwa kama neno zima, na ilipita miaka mitano, hadi 1939, ndipo mhariri mmoja akatilia shaka kidahizo hicho kwa kuwa hakikuonyeshwa asili yake. Kama maelezo ya neno moja yaliwapita wataalamu, ya maneno sita yatawapita wenzako. Hata hivyo usifanye ufupi kuwa desturi, kwa kuwa mchezaji anayeandika mafupi kila duru hujulikana kufikia duru ya tatu.

Kuhusu mambo madogo ya kupamba, weka moja tu. Maneno kama hasa, kwa kawaida na au hutoa harufu ya kamusi, kwa kuwa mtunzi wa kamusi hulazimika kuyafunika matumizi yote ya neno. Lakini ukiandika kifuniko cha mbao cha mtungi wa maji, hasa wa kisima, chenye tundu la kupitishia kamba nyeusi, wasikilizaji watajiuliza kwa nini kamba iwe nyeusi, na hapo umepotea. Usiweke pia asili ya neno ukidai kwamba limetoka lugha fulani, isipokuwa kama mmekubaliana hivyo, maana yuko daima mmoja anayeijua lugha hiyo.

Duru moja kwa ukaribu

Tuseme wachezaji ni watano na neno ni jiriwa. Mshika kamusi analitamka, analitaja herufi zake, na kusema kwamba ni nomino. Tayari kuna kutazamana, kwa kuwa mwisho wa -wa unawafanya watu walione kama kitenzi cha kutendwa. Wanapewa dakika tatu. Vikaratasi vinakusanywa, vinachanganywa, na vinasomwa mara mbili: mara ya kwanza ili kila mtu asikie bila kuonyesha dalili yoyote, mara ya pili ili achague.

Namba 1: deni linalorithiwa na watoto wa mdaiwa. Namba 2: maji yale ambayo hubaki shimoni baada ya mvua ambayo ilikuwa kubwa. Namba 3: kifaa cha fundi cha kubania kitu ili kisisogee kinapochongwa au kukatwa. Namba 4: mtu anayehudhuria shughuli kwa niaba ya aliyealikwa. Namba 5: ugonjwa wa ngozi unaowapata mifugo.

Namba 2 haipati kura hata moja, na kosa si maji wala shimo, bali ambayo mbili ndani ya sentensi moja pamoja na yale ya mwanzoni, ambayo ni sauti ya mtu anayesimulia. Namba 5 ni safi lakini haina chochote cha kushika. Ugonjwa wa mifugo ni kimbilio la kila aliyekosa wazo, na wachezaji wazoefu hulitambua. Namba 1 na namba 4 zimefanya jambo la busara, zimelitumia lile umbo la -wa, kwa kuwa deni hurithiwa na mgeni hualikwa, hivyo sikio linaona kama kwamba neno na maana vinaitikiana. Namba 1 inapata kura mbili, namba 4 inapata moja. Aliyeandika habari za ugonjwa anachagua namba 3, iliyo ya kweli: jiriwa ni kile kifaa cha seremala au mhunzi chenye taya mbili na skrubu. Anaeleza baadaye kwamba aliichagua kwa ajili ya au iliyomo ndani yake, na kwa kuwa ilikuwa kavu kuliko zote.

Kura zenyewe zipigwe kwa pamoja. Mshika kamusi ahesabu hadi tatu na kila mtu anyooshe vidole vya namba aliyoichagua. Mkipiga mmoja baada ya mwingine, wa mwisho watafuata mkumbo, hasa akitangulia anayesifika kwa kujua Kiswahili.

Alama na mabishano

Aliyeichagua maana ya kweli apewe alama 2. Kila kura iliyoangukia uongo wako ikupe alama 1. Asipopatikana hata mmoja wa kuitambua kweli, mshika kamusi apate 3, jambo linalomshawishi atafute neno gumu kweli kweli. Katika duru ya jiriwa, basi, mwandishi wa deni amepata 2, wa mgeni 1, wa ugonjwa 2 kwa kuijua kweli, na waliobaki hawana kitu. Hairuhusiwi kuupigia kura uongo wako mwenyewe.

Ikitokea mtu ameandika maana iliyo sawa na ya kweli kwa bahati tu, mshika kamusi akiweke pembeni kikaratasi hicho, asikisome, na baada ya kura ampe mwandishi alama 3. Wawili wakiandika jambo linalofanana sana, vikaratasi viunganishwe na kila mmoja apate alama za kura zitakazopatikana. Neno likiwa na maana nyingi, mshika kamusi achague moja, na ile iliyo ya mbali ndiyo nzuri. Kamusi iliyopo mezani ndiyo hakimu. Asiletwe mtu na kamusi nyingine katikati ya duru.

Ugomvi mkubwa hutokana na usomaji. Mshika kamusi anayekwama kwenye mwandiko mbaya huitangaza karatasi kuwa si yake, na anayesoma kwa ufasaha kimoja tu kati ya vitano huitangaza ile aliyoinakili mwenyewe. Avipitie vyote kimya kabla ya kuanza, arudi kwa mwandishi kwa siri neno likimshinda, na avisome vyote kwa mwendo mmoja. Acheke sasa, kabla ya kusoma, kama lazima acheke.

Mkiwa wengi, gawanyikeni timu mbili na mcheze kwa mdomo kama kile kipindi cha televisheni: timu moja inatoa maana tatu, mmoja wa washiriki wake akiwa na ile ya kweli, na timu nyingine inaruhusiwa kuuliza maswali mawili kabla ya kuamua. Hapa sanaa inahama kutoka kwenye maandishi na kuingia usoni, na wale wanaoandika vizuri mara nyingi ndio wanaodanganya vibaya. Mkiwa mbali mbali, kila mmoja amtumie mshika kamusi maana yake kwa ujumbe wa faragha, naye azikusanye katika ujumbe mmoja wenye namba. Wekeni muda mfupi, dakika mbili hivi, kwa kuwa kinachozuia mtu kulitafuta neno katika intaneti ni haraka na heshima tu.

Mchezo huisha kila mmoja akishaishika kamusi mara zinazolingana. Wakifungana wawili, aliyekuwa wa mwisho kwa alama achague neno moja la nyongeza, na hao wawili tu waandike, wengine wakipiga kura. Baada ya hapo vihesabu vikaratasi kabla ya kuifunga kamusi. Kimoja changu, chenye uongo niliouandika kwa bidii na kwa mwandiko mzuri, kilibaki kati ya kurasa, na miezi kadhaa baadaye mtu wa nyumbani alikuja kuniuliza kwa nini kamusi yetu ina maana ya ziada.